Naomba ushauri: akina mama wameacha kuleta watoto kliniki ya kanisani kwetu

Habarini wapendwa, naombeni mawazo yenu. Kanisa letu dogo huku Bagamoyo lina chekechea, na kila Jumamosi nesi wetu anapima watoto uzito, mzani tumeuning'iniza kwenye tawi la mwembe. Majirani wengi ni Waislamu na walikuwa wanakuja vizuri tu, mama anatoa kadi ya mtoto, akimaliza anakaa mkekani anapiga stori na wenzake, kwangu huo ndo ushirika wenyewe. Tangu tuanze kufungua kwa sala na neno wamepungua, juzi walikuja wanne, mmoja akasubiri nje ya uzio na mtoto mgongoni mpaka tukasema amina, iliniuma sana. Sala tumeihamishia alfajiri kabla watu hawajafika, mwenyekiti wa mtaa naye katusaidia kutangaza, lakini wapi.

Mapadre waliofika hapa 1868 nao walifungua shule na kutibu watu, kwa hiyo huduma kama hii sio ngeni Bagamoyo.

Sasa nauliza, nipite nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi akina mama au nianzie kwa imamu? Na mzee wetu mmoja anayesema bila sala pale kliniki tumemficha Kristo, nimjibuje bila kuligawa kanisa?