Kanisa la Mtakatifu Wite, Dorset: nani amewahi kufika?

Swali
Tumsifu Yesu Kristo. Mama amekuja Uingereza kunitembelea, na tukipita Dorset tunataka kufika Whitchurch Canonicorum, kwenye kanisa la Mtakatifu Wite (kwa Kilatini Candida). Tangu mafundisho ya Komunyo hadi leo sijawahi kulisikia jina hilo kwenye litania yoyote. Mama goti linamsumbua, na tangu asikie habari za matundu ya kaburini hanipi nafasi. Ni kweli masalia yake yamo mle? Na sisi Wakatoliki tukisali kwenye kanisa la Waanglikana, hatutaonekana wakorofi?

Jibu la kwanza
Milele na milele, amina. Dada, mpeleke mama. Nimefika pale na bado napafikiria.

Kaburi liko ubavu wa kaskazini, yaani kushoto ukitazama altare. Ni la mawe matupu, la karne ya 13. Usitegemee dhahabu. Sehemu ya chini ina matundu matatu ya umbo la yai. Mahujaji wa zamani waliingiza humo mkono au mguu unaouma, na mgonjwa asiyeweza kusafiri aliletewa kitambaa chake kikawekwa badala yake. Siku hizi watu huacha vikaratasi vya maombi. Nilipoinama niliona kimoja kimeandikwa kwa penseli ya rangi, herufi kubwa za mtoto, kinamwombea babu. Nilipiga magoti palepale.

Masalia yamo. Mwaka 1900 kaburi lilipata ufa, likakutwa sanduku la madini ya risasi lenye maandishi ya Kilatini kwamba humo yamo masalia ya Mtakatifu Wite. Ndani mlikuwa na mifupa ya mwanamke mwenye umbo dogo, wa umri wa miaka 40 hivi. Kumbuka kwamba mwaka 1538, enzi za Mfalme Henry VIII, makaburi ya watakatifu yalivunjwa nchi nzima. La Thomas Becket kule Canterbury, pamoja na ukubwa wake wote, halikupona. Hili la kijijini lipo.

Wenyeji husimulia kwamba alikuwa Msaksoni aliyeuawa na Wadenmark. Wengine humtoa Bretagne, Ufaransa. Mimi sikwenda kusuluhisha hilo. Kunakosaliwa karne zote hizo, nami nasali.

Jibu la pili
Naongezea kuhusu goti. Matundu yako chini, na mama akilazimisha kuingiza mguu ataumia zaidi. Mfungeni kitambaa gotini tangu asubuhi, kisha akiweke kwa mkono wake. Ni desturi ya hapohapo, hatakuwa amepungukiwa kitu. Jirani, Morcombelake, kuna kisima cha mtakatifu huyuhuyu. Maji yake yalisifiwa kwa kuponya macho.

Jibu la tatu
Bwana asifiwe. Mimi ni Mwanglikana: karibuni sana, salini kwa namna yenu, washeni na mshumaa kama kuna pa kuwashia. Angalieni tu msiingie katikati ya ibada. Mkitoka, pitieni makaburini nje. Amezikwa pale Georgi Markov, mwandishi wa Bulgaria aliyeuawa kwa sumu London mwaka 1978. Mwombeeni na yeye. Na kama mama bado atakuwepo, sikukuu ya Mtakatifu Wite ni tarehe 1 Juni.