Kapasita ya toni kwenye gitaa: seramiki, Orange Drop au karatasi na mafuta?

Solo_Temeke: Wakuu, habari za jioni. Kapasita ya toni kwenye gitaa langu, kile kijidude cha umeme kinachopunguza ukali wa sauti ukizungusha kitufe cha toni, imekatika mguu. Kuna seramiki Kariakoo bei ya soda. Kuna Orange Drop, zile kapasita za rangi ya chungwa, jamaa anakuja nazo kutoka Dubai. Na kuna zile za karatasi na mafuta, moja tu ni bei ya seti kadhaa za nyuzi. Jamaa anataka jibu kesho. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

FundiRedio: Gitaa gani mkuu? Pikapu, yaani kinasa sauti ya nyuzi, ni koili moja au hambaka ya koili mbili? Poti, kile kidhibiti kilicho chini ya kitufe cha toni, ni K ngapi (kiloomu)? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

NyuziSita: Pikapu tena? Nilidhani hapa ni magitaa, kumbe ni magari 😂

MzeeBenga: Orange Drop ya mikrofaradi 0.022, funga mjadala. Yangu ina miaka, sauti tamu, haikwaruzi.

FundiRedio: Shikamoo mzee. Ila utamu huo unatokana na namba, rangi ya chungwa haihusiki. Nikikufunga macho, 0.022 ya seramiki na hiyo yako hutazijua. Kapasita inamwaga trebo, zile sauti kali za juu, kwenye graundi, na namba ikiwa kubwa inakula mpaka sauti za kati. Kwa kawaida koili moja na poti ya 250K huwekewa 0.047, hambaka na 500K huwekewa 0.022. Zile volti 600 zilizoandikwa juu yake zinaongeza unene tu, ishara ya gitaa ni ndogo mno.

MzeeBenga: Marahaba. Nimekaa jukwaani miaka 30, masikio yangu hayahitaji hesabu.

Ridhimu_Moro: Mimi namba ndiyo iliyoniumbua. Nilimwagiza dogo dukani kapasita ya 223, akarudi na 224. Sikuangalia, nikachomea risasi saa kumi, saa mbili tuko harusini. Toni ikiwa wazi kabisa mambo safi, hata nikajisifu. Ikaja rumba ya taratibu, nikarudisha toni chini ili nilainishe. Gitaa likazama! Nikawa kama napigia ndani ya godoro. Mpiga besi ananitazama, kiongozi ananitazama, bibi harusi naye ananitazama. Nikaongeza voliumu, ikawa ngurumo. Kesho yake ndiyo naelewa: 223 ni 22 na sifuri tatu za pikofaradi, yaani 0.022. 224 ni 0.22, mara kumi zaidi. Someni maandishi kabla ya kuchomea.

NyuziSita: Bibi harusi kaingiaje?

Ridhimu_Moro: Ulikuwa wimbo wake wa kuingilia.

Mpwani_TZ: Kwani 0.1 ina ubaya gani? Gitaa za Fender Stratocaster za 1954 zilitoka na 0.1.

FundiRedio: Na baadaye Fender wenyewe wakapunguza.

Mpwani_TZ: Wakati huo hakuna aliyelalamika.

Dansi_Classic: Mpiga solo anagusa toni saa ngapi? Mimi yangu iko kumi, wazi kabisa, mwaka mzima. Kinachoua trebo ni kebo ndefu. Punguza kebo, hela ya Dubai nunua nyuzi.

MzeeBenga: Kijana asiyegusa toni ni kama dereva asiyejua gia.

Dansi_Classic: Siku hizi kuna gari za otomatiki mzee.

NyuziSita: Nilisema mimi, magari.

Solo_Temeke: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Gitaa halina jina, nembo ilibanduka. Pikapu ni koili moja tatu, poti zimeandikwa B500K.

FundiRedio: Koili moja na 500K? Hapo lazima sauti iwe kali. Na hiyo B ni linia (linear), upinzani unapanda kwa hatua sawa, ila kwa sikio toni inakaa bila kubadilika halafu inashuka ghafla mwishoni. Anza na poti, A250K, hiyo A ni ya logi inayoendana na sikio, halafu ndiyo tuzungumze kapasita.

MzeeBenga: Usibadilishe poti! Solo inataka ukali.

Solo_Temeke: Halafu linavuma nikisogea karibu na taa za ukumbi. Kapasita itaondoa?

FundiRedio: Haiondoi. Koili moja ndivyo ilivyo.

Dansi_Classic: Kuna mwenye hambaka anauza?

Solo_Temeke: Jamaa wa Dubai amepiga tena. Nimwambie nini?