Nataka kuacha kuuza bima niwe mshauri huru wa pensheni. Nani atanilipa?

Jirani_wa_Umoja:
Wadau, habari zenu. Niko kampuni moja ya bima hapa Upper Hill, Nairobi, nauza pensheni za watu binafsi na bima za elimu. Mshahara ni jina tu, tunakula kamisheni. Juzi nimepata mwalimu wa sekondari, miaka 38, anataka kuweka 5,000 kila mwezi. Tayari yuko kwenye ule mpango wa pensheni wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021: yeye anakatwa 7.5%, serikali inaongeza 15%. Halafu ana mkopo wa Sacco unaomkaba koo. Ushauri wa haki ni apunguze deni, kisha aweke ya dharura kwenye MMF, ule mfuko wa soko la fedha ambao pesa hutoka haraka. Kwa ushauri huo mimi sipati hata nauli. Bosi anataka nimwandikie bima ya miaka 15.

Nataka kutoza ada ya ushauri, basi. Mitihani ya CIFA, ile ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha ya bodi ya KASNEB, nimebakiza hatua ya mwisho. Mke wangu anauliza karo itatoka wapi. Semeni, hata wa kunitusi karibuni.

Kasuku_Ngara:
Buda, Mkenya atanunua kilo mbili za nyama choma Kenyatta Market bila kuuliza bei. Mtajie ada ya ushauri: "Kwani si tunaongea tu?"

MamaHesabu:
Leseni kwanza. Kutoza watu kwa kuwashauri kuhusu hisa na bondi ni eneo la CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na leseni ya mshauri wa uwekezaji si cheti cha uwakala wa bima. Pensheni iko chini ya RBA, mamlaka ya mafao ya kustaafu. Ukishindwa kuipata peke yako, ingia kwa kampuni iliyo nayo. Watu siku hizi wanakutafuta kwenye orodha ya CMA kabla ya kukupa senti, na sisi tulioliwa tunawaelewa.

Mzee_wa_Payslip:
Usihangaike na mtu mmoja mmoja, nenda kwa waajiri. Tangu Februari 2023 sheria ya 2013 ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilipoanza kuuma, mfanyakazi anakatwa 6% na mwajiri 6%, na michango ya daraja la pili, yaani ya sehemu ya mshahara iliyo juu ya kiwango cha chini, inaweza kwenda kwenye mpango binafsi ulioidhinishwa na RBA. Viwanda vidogo vya Industrial Area havina wa kuwaeleza hayo. Mwajiri analipa mara moja, wafanyakazi wote wanafaidi.

Wenye mshahara mnono waonyeshe kodi. Tangu 27 Desemba 2024 mchango wa pensheni usiotozwa kodi umepanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Akiona tofauti kwenye payslip yake mwenyewe, hatabishania ada yako. Ila usipokee hata chai ya kampuni ya pensheni. Ukipokea, wewe bado ni wakala, umebadilisha kadi tu.

Jirani_wa_Umoja:
Asante mzee. Na hizo semina za wanaokaribia kustaafu, zinalipa?

Mzee_wa_Payslip:
Zinalipa, na huko ndiko wateja hutoka. Jiandae na swali moja: "NSSF yangu naitoa lini?" Miaka 60, au kuanzia 50 ukistaafu mapema. Baada ya chai watauliza tena.