Kurusha mashindano ya poka: karata za wachezaji zinaonekanaje, na mtangazaji aseme nini?

mdau_sinza
Wakuu, habari za jioni. Kuna mashindano ya poka ya meza moja, wachezaji 8, ukumbini hapa Sinza. Hakuna kiingilio wala zawadi ya fedha, linashindaniwa kombe tu. Tunataka kurusha YouTube. Kamera kubwa 3 na kompyuta vipo. Kwenye televisheni mtazamaji anaona karata za kila mchezaji na asilimia zake za kushinda. Zinasomwa na nini? Na mtangazaji akishaziona, mchezaji anazuiwaje kupenyezewa siri?

fundi_kamera
Mkuu, njia ni mbili. Ya kwanza ni kamera ndogo ukingoni mwa meza. Henry Orenstein wa Marekani, aliyekuwa mbunifu wa midoli, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1995. Uingereza, kipindi cha Late Night Poker cha Channel 4 kilianza 1999 kikitumia vioo mezani: mchezaji anaweka karata juu ya kioo, kamera inazisoma kwa chini. Kabla ya hapo mtazamaji alibaki kuangalia nyuso, hajui nani ana karata na nani anatishia tu.

Njia ya pili, ndiyo inayotawala sasa, ni RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio. Kila karata ina kitambulishi ndani, na chini ya kitambaa cha meza kuna antena mbele ya kila kiti, nyingine sehemu ya karata za wazi, zile tano za katikati ambazo wachezaji wote wanazitumia pamoja na mbili zao za siri. Kabla ya mchezo unasajili karata zote 52 kwenye programu, na kama mnabadilishana pakiti mbili, sajili zote mbili. Matatizo yake: mchezaji akivuta karata kifuani, antena haisomi, zikisogea kwa jirani zinaandikwa kiti cha jirani, simu au kitu cha chuma kikiwa juu ya antena mawimbi yanakatika.

Kwa bajeti yenu ningechukua kamera 8 ndogo za ulinzi na DVR (kinasa picha za kamera) ya njia 8, vyote vinapatikana Kariakoo. Hamhitaji kurusha picha zake. Mtu mmoja anakaa mbele ya skrini ya DVR, anasoma karata, anaziandika kwenye programu ya grafiksi. Mambo mawili msiyasahau. Lenzi za kamera hizi zimewekwa kuona mbali, kwa hiyo kwa sentimita 15 picha ina ukungu. Chagua zile ambazo lenzi inazungushwa kwa mkono, uivute karibu. Kisha zima hali ya usiku. Gizani kamera inahamia infraredi, rangi zinapotea, na mwandishi anaanza kuchanganya kopa na shupaza. Taa ndogo ya LED ukingoni inamaliza tatizo.

Kamera kubwa: moja juu ya meza kwa karata za wazi, mbili kwa nyuso. Umeme wetu ni hezi 50, hivyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata ya sekunde 1/50, la sivyo taa nyingi zitacheza kwenye picha. Taa ya juu iinamishwe pembeni, kwa sababu karata za plastiki zinang'aa na namba inamezwa.

zamu_ya_usiku
Kuhusu kuvujisha: dawa ni kuchelewesha matangazo, na dakika 30 ni kipimo kinachotumika sana. Kwenye OBS, programu ya kurushia matangazo, ipo sehemu ya kuchelewesha, weka sekunde 1,800. Kwa kasi ya 4,500 kbps inakula takribani GB 1 ya memori. Lakini elewa hili: kinachochelewa ni kile kinachokwenda YouTube tu. Skrini ya OBS yenyewe inaonyesha papo hapo, na rekodi ya kwenye diski vilevile. Kwa hiyo kompyuta na DVR viwe chumba kingine, mlango ufungwe, simu zikusanywe. Anayejua karata asitoke hadi mapumziko yapite na muda wa kuchelewesha uishe.

Weka UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Zile dakika 30 zimo kwenye memori. Umeme ukikatika zinapotea zote. Bando nalo: kwa kasi hiyo saa moja ni GB 2 hivi, mashindano ya saa 6 ni GB 12.

mdau_sinza
Asanteni sana. Asilimia je, nani anazipiga? Na watangazaji wetu wamezoea mpira.

sauti_ya_meza
Asilimia zinapigwa na programu. Wakibaki wawili kabla ya karata za wazi, inapitia michanganyiko 1,712,304. Baada ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za wazi, 990. Ikibaki karata moja, 44 tu. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili ni kama 82 kwa 18.

Hapa ndipo watazamaji hubishana. Mchezaji mwenye kopa nne anayesubiri ya tano kwenye karata ya mwisho ameona karata 6, hivyo anahesabu kopa 9 kati ya karata 46, asilimia 19.6. Televisheni inaona pia karata mbili za mpinzani, hana kopa, inahesabu 9 kati ya 44, yaani 20.5. Na kama aliyejitoa alitupa kopa mbili, zinabaki 7 kati ya 42, asilimia 16.7. Chagueni kama karata zilizotupwa zinahesabiwa, na mtangazaji aseme hivyo mwanzoni.

Utangazaji wa mpira utawaharibia. Poka ya mezani ni mikono (migao ya karata) 25 hadi 30 kwa saa, mingi inaisha watu wakitupa karata. Mtangazaji ataje jina, kiti, dau, sarafu za kuchezea zilizobaki, na anachofanya mchezaji: anapandisha, anafuata, anapita bila kuweka dau, anatupa. Mchambuzi aeleze kwa nini, kwa kile mchezaji anachokijua na si kile tunachokiona sisi. Kumlaumu mtu kwa kufuata dau eti mpinzani alikuwa na ree ni kumwonea. Mchezaji akiwa anafikiria, nyamazeni. Sauti ya sarafu mezani inatosha, ila feni ya dari iwe mbali na maiki.

Hesabu ya sarafu haijisomi yenyewe. Mgawa karata ataje kila dau kwa sauti, mwandishi aandike, na kila mapumziko mzihesabu upya mrekebishe.

fundi_kamera
Naongezea: mkija kuweka kiingilio au zawadi ya fedha, anzeni na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla hamjanunua hata waya.