ITV, Channel 4 na 5 zimepotea Barking, hausing wanasema si kazi yao

Mama Salma, Barking

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote. Tangu juzi TV haishiki chaneli 3 (ITV), 4 wala 5. BBC zote zipo, picha safi. Nimesaka chaneli upya kwa rimoti, hazikurudi. Jengo letu lina antena moja ya pamoja juu ya paa, na kwenye service charge (ada ya huduma za jengo) ina mstari wake kila mwaka. Nimepiga hausing, ofisi ya wenye jengo, wakanambia nizungumze na watu wa leseni ya TV. Wa leseni wakasema antena haiwahusu, na kweli haiwahusu. Nikarudi hausing, nikaambiwa nijaze fomu ya repairs mtandaoni, na kwenye fomu hiyo kuna bomba, kuna mlango, kuna boila, antena haimo. Swali langu: pesa ya antena iliyomo kwenye service charge naidai irudi kwa fomu gani? Na DD (direct debit, makato ya benki) ya leseni inaendelea kukatwa.

Otieno, Reading

Pole Mama Salma. Hiyo ni 5G, bila shaka wamewasha mnara mpya karibu nanyi. Ingia Restore TV, wale wanaoshughulikia simu zinazosumbua TV, weka poskodi, utatumiwa bure kwa posta filta ya kuzuia mawimbi ya simu. Na hiyo DD simamisha, huwezi kulipia kitu usichokiona.

Musa, Luton

Otieno, taratibu, unamtia mama wa watu hatarini. Leseni ni ya kutazama matangazo yanapokwenda hewani, chaneli yoyote, kwa kifaa chochote, na iPlayer ya BBC imo. BBC anaiona, kwa hiyo leseni anaihitaji. Akikutwa anatazama bila leseni, faini inafika hadi pauni 1,000. Ubora wa picha haumo kwenye hesabu hiyo.

Filta nayo haiingii hapa. Simu za 4G na 5G zinazosumbua antena zinatumia 700 na 800 MHz. TV inatumia masafa ya UHF, yaliyogawanywa kwa namba, na tangu 2020 inaishia namba 48, yaani 694 MHz. Barking inapokea Crystal Palace, mlingoti mkubwa wa TV wa London, ambao namba zake za UHF ziko chini kabisa: 22, 23, 25, 26, 28 na 30. Mnara wa simu ukiisumbua antena inayoelekea huko, kinachotokea ni busta (kikuza mawimbi) kulemewa, na busta ikilemewa chaneli zote zinaanza kukatikakatika pamoja. Haichagui 26 ikaiacha 23. Na anayehitaji filta kweli aiweke kabla ya busta. Ikiwekwa baada yake haisaidii kitu, busta imeshalemewa.

Mama Salma, chaneli husafiri kwa mafungu, kila fungu na namba yake ya UHF. BBC za kawaida ziko 23. ITV1, Channel 4 na Channel 5 ziko 26. HD (picha kali zaidi) za wakubwa hao wote ziko 30. Kwa hiyo bonyeza 103, 104 na 105. Zikifunguka, umepata pa kutazamia kwa sasa, na tumejua kwamba kilichokufa ni fungu la 26 peke yake. Kisha ingia kwenye menyu, tafuta sehemu ya kusaka kwa mkono, weka 26 (TV nyingine zinataka masafa, andika 514 MHz), na usome mistari miwili: nguvu na ubora. Fanya hivyohivyo kwa 23, ambayo ni 490 MHz. Tuandikie namba zote nne. Kusaka kote kwa otomatiki usirudie tena: TV nyingi zikisaka fungu lisilokuwepo hufuta chaneli zake kwenye orodha, na hata mawimbi yakirudi usiku hutajua.

Mzee Hamadi, Northampton

Kabla ya yote hayo mwenye TV aangalie plagi yake. Waya wa antena una uzi mmoja wa shaba katikati, plastiki nyeupe juu yake, halafu wavu wa nyuzi nyembamba, halafu ganda. Unywele mmoja wa wavu ukigusa uzi wa kati, mawimbi yanaishia hapohapo. Menya ganda kama sentimita 3, kunja wavu wote urudi nyuma juu ya ganda, pitisha kidole kuhakikisha hakuna unywele uliobaki mbele, acha plastiki nyeupe milimita chache, uzi wa kati uzame ndani ya pini, ziada ukate. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, maji yameingia. Kata mpaka uikute inang'aa, na kama haing'ai badilisha waya mzima. Ule mwembamba wa kahawia unaouzwa bei chee wavu wake una mapengo, usiununue. Nunua wenye wavu wa shaba na karatasi ya shaba chini yake.

Uzi wa kati ukikatikia ndani, mawimbi huruka pengo kwa shida, na namba za chini za UHF ndizo zinazoumia zaidi. Maji hufanya kinyume, hula namba za juu kwanza. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza nusu ya chaneli na waya kwa nje ukaonekana mzima.

Otieno, Reading

Shikamoo Mzee, hiyo ya waya nimeielewa. Basi aangalie na HDMI, kebo ya kuunganisha TV na vifaa vingine. Kebo za bei rahisi zinavuja mawimbi zikaua chaneli. Halafu si Freeview, hawa wa TV ya bure ya antena, walihamisha masafa? Labda hajasaka vizuri.

Musa, Luton

HDMI inavuja, ni kweli, lakini ujue inavuja wapi. Picha ya 1080p inaendeshwa kwa saa ya 148.5 MHz. Zidisha mara nne, unapata 594, na hiyo ni UHF 36 katikati kabisa. Anayepokea mlingoti unaotumia 36 ataumia. Crystal Palace haina 36. Kujaribu ni dakika moja: chomoa HDMI zote, tazama kama ubora unapanda.

Na masafa ya Crystal Palace hayajahama tangu Aprili 2012 analojia ilipozimwa London. Waliohamishwa ni wa milingoti mingine, kazi iliyomalizika 2020. Tusimpeleke Mama Salma huko.

Mama Salma, Barking

103, 104 na 105 zote zinafunguka, alhamdulillahi. Namba hizi hapa. 23: nguvu 78, ubora 100. 26: nguvu 6, ubora 0. Plagi kijana wangu ameifungua, shaba inang'aa. Soketi ya ukutani ina matundu matatu, TV, FM na SAT, na waya uko kwenye TV. Jirani wa chini na wa mkabala nao hawaoni 3. Ahsanteni sana, lakini fomu je?

Furaha, Cardiff

Jambo kwa wote. Samahani naingilia. Sisi huku bondeni juu ya Cardiff BBC na ITV tunapata vizuri, lakini zile nyingi za kati hazipo kabisa, toka fundi alipogeuza antena. Ofisi ya nyumba inasema antena ni nzima. Tufanye nini?

Musa, Luton

Dada Furaha, ofisi yako inasema kweli. Mabonde ya Wales yana milingoti midogo ya kurudishia, na mingi inabeba mafungu matatu tu, yale ya BBC, ITV na wenzao, pamoja na HD. Mafungu mengine matatu ya biashara yako kwenye mlingoti mkubwa, kwenu ni Wenvoe. Tazama antena: vijiti vikisimama wima, fundi ameielekeza kwa mdogo. Weka poskodi kwenye ukurasa wa Freeview wa kuangalia mapokezi, utaona mlingoti gani unakufikia na mafungu mangapi. Kama kilima kinaziba Wenvoe, hakuna busta itakayokusaidia. Busta hukuza kilichopo, haileti kisichofika. Na fundi akikushauri mlingoti wa Mendip ng'ambo ya maji, ujue habari za mkoa zitakuwa za Bristol. TV ikishika milingoti miwili, ule wa pili inaupanga kuanzia 800, kwa hiyo tafuta BBC One Wales huko kabla hujasema imepotea.

Mzee Hamadi, Northampton

Na mwenye busta juu ya mlingoti akumbuke kwamba inakula umeme, mara nyingi volti 12, unaopanda kwa waya uleule wa antena kutoka kwenye kiboksi cha ndani. Mtu akipiga pasi akachomoa kiboksi kile, chaneli zote zinakwenda. Tazama taa yake kwanza.

Otieno, Reading

Huku ukikosa ITV angalau unajua ni waya au mtambo. Nyumbani Kenya, 30 Januari 2018 Citizen, NTV na KTN News zilizimwa na serikali mchana kweupe, Raila akiapa Uhuru Park, na mahakama ilipoagiza zirudishwe bado zikacheleweshwa. Hapo ungepima nguvu na ubora mpaka usiku.

Mzee Hamadi, Northampton

Kweli kabisa. Na sisi Unguja tulikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakasubiri hadi 1994. Watu walipanda juu ya paa kuelekeza antena, mmoja chini anapiga kelele "hapo hapo!". Nayakumbuka sana hasa Ramadhani, kungojea mwezi. Kinachonitia wasiwasi huku ni kwamba matangazo ya antena yamehakikishiwa hadi 2034 tu. Baada ya hapo wapo wanaotaka kila kitu kipite kwenye intaneti. Wazee wetu wengi hawana brodibendi na hawataimudu. Wabunge waandikiwe sasa.

Musa, Luton

Mzee, hilo nakuunga mkono, lianzishiwe mada yake.

Mama Salma, namba zako zimemaliza kazi. Nguvu 6 kwenye 26 na 78 kwenye 23, na majirani wamekosa lilelile: waya wako hauna kosa, antena ya juu haina kosa. Majengo mengi ya miaka ile yana kabati karibu na paa lenye mtambo wa vipande, kila kipande kinakuza fungu moja. Kipande cha 26 kimekufa, au kimelegea kwenye nafasi yake, au waya mfupi unaokiunganisha na mwenzake umechomoka. Ni kazi ya kabati, na kabati ni la mwenye jengo.

Kwenye fomu chagua "communal" (vya pamoja) au "other" (mengineyo) na uandike hivi: Crystal Palace, UHF 26, 514 MHz, hakuna mawimbi kwenye flat tatu, UHF 23 na 30 ziko sawa, kosa liko kwenye mtambo wa pamoja. Taja namba za flat za majirani kwa idhini yao na kila mmoja aripoti kivyake, mpate namba za kumbukumbu tatu. Wakipuuza, peleka malalamiko ya hatua ya kwanza. Wana siku 5 za kazi za kukiri wameyapokea, kisha siku 10 za kujibu. Hatua ya pili ni siku 20. Baada ya hapo unakwenda Housing Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nyumba, bure.

Mama Salma, Barking

Nimeandika hivyohivyo, na majirani pia. Wamejibu fundi anakuja Alhamisi, niwepo ndani saa nne asubuhi. Fomu ya kurudishiwa pesa hakuna anayeijua hata hausing kwenyewe.

Mzee Hamadi, Northampton

Mwambie fundi apime kabatini kwanza, penye kutokea mawimbi, kabla hajagusa soketi yako. Asipokuwa na ufunguo wa kabati, mwombe aandike hivyo kwenye karatasi yake ya kazi, na picha yake uichukue. Akianza kukubadilishia soketi ya ukutani, mkatalie.