Kulipia miti ili kufidia moshi wa ndege: deni linalipika?

BintiKisauni
Salaam ndugu zangu. Niko Manchester mwaka wa tisa sasa, na kila Desemba naja Mombasa kumwona mama. Juzi nalipia tiketi, nikaulizwa kama nitaongeza pauni kadhaa ipandwe miti Afrika ya kufidia moshi wa safari yangu. Nilikaa na simu mkononi nusu saa nzima. Mama ana miaka 74, siwezi kuacha kuja. Lakini hizo pauni zinafuta moshi, au zinanituliza roho tu? Naomba jibu hasa kwa mnaoishi karibu na hiyo miti.

Mhasibu_Moro
Dada, piga hesabu. Kwenda na kurudi ni kama tani moja na nusu hadi mbili za hewa ukaa kwa abiria mmoja. Mti uliokomaa unakadiriwa kunyonya kilo 20 hivi kwa mwaka. Tani mbili ni miti mikubwa 100, mwaka mzima. Wewe unalipia mche ambao hata kuku hapati kivuli. Moshi umetoka leo, mche utaanza kulipa baada ya miaka mingi, kama haujaliwa na mbuzi, haujaungua, haujawa kuni. Mimi silipi.

MwalimuMstaafu
Hilo la mbuzi usilipite haraka. Shuleni nilikokuwa nafundisha walikuja wafadhili na miche 2,000. Siku ile kulikuwa na ngoma, kofia na fulana, kila mgeni akapanda mmoja akapigwa picha. Wiki ya pili naona miche inanyauka na mvua inanyesha. Nikafukua mmoja: umepandwa na kiriba chake! Mizizi imejizungusha ndani ya plastiki kama tambi kwenye sufuria. Niliwatoa darasa la sita tukafukua, tukapasua viriba, tukapanda upya jua likitupiga. Ilipona isiyofika mia. Hakuna aliyerudi kuhesabu, na najua kuna mtu mahali aliambiwa miti yake 2,000 inakua. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mkulima_Kinangop
Pole Mwalimu. Lakini angalau huku bara tunapanda. Hao wa pwani ndio wa kwanza kumaliza mikoko kwa boriti na kuni za chokaa, halafu wanataka pauni za Uingereza walinde walichokata wenyewe.

Nahodha_Gazi
Mkulima, chunga ulimi. Mimi nimezaliwa Gazi, kijiji cha pwani kusini mwa Mombasa. Miaka ya sabini msitu wetu ulikatwa kwa ajili ya kuni za viwanda, si kwa jiko la bibi yangu. Tulibaki na ufuo mtupu, samaki wakahama. Kuanzia 1991 watafiti na wanakijiji wakarudi kuchomeka mikoko mmoja mmoja. Unajua mkoko unavyopandwa? Mbegu yake inaota ikiwa bado mtini, inaning'inia kama kalamu ndefu ya kijani. Unaingia maji yakipwa, tope hadi magotini, unaichomeka kwa mkono. Mama zetu walifanya hivyo.
Na mikoko ya Mwache, hori la bahari karibu na Mombasa, unajua iliuawa na nini? Mvua ya Elnino ya 1997 hadi 1998 ilishusha udongo kutoka juu, ukafukia mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Udongo wa mashamba ya bara, si shoka la Mpwani!

Mkulima_Kinangop
Kwa hiyo sasa mvua nayo tumeileta sisi?

Nahodha_Gazi
Mvua ya Mungu. Kuacha kilima uchi ni kazi ya binadamu. Na mkipanda mnapanda mikaratusi. Marehemu Michuki alipokuwa waziri wa mazingira aliamuru iondolewe kando ya vyanzo vya maji. Aliwaonea?

Mkulima_Kinangop
Mkaratusi ndio uliomsomesha dada yangu hadi chuo, nisikilizeni vizuri. Nguzo za umeme zinatoka wapi? Kuni za kukaushia majani chai? Kosa ni kuupanda mtoni, si mti wenyewe. Mtu asiye na ekari mbili za mteremko asinifundishe mti wa kupanda.

BinSeif_Maskati
Kuhusu boriti, tusisahau kwamba vyumba vya nyumba za zamani Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti haikuwa ndefu zaidi, na majahazi yalizileta hadi huku Ghuba. Nyumba ya babu yangu dari yake ni mikoko ya Lamu hadi leo. Kukata kulikuwepo karne nyingi na msitu haukwisha, kwa sababu wakataji walijua ipi ni fito, ipi ni pau, ipi ni boriti, wakachagua.

Mhasibu_Moro
Jamani, dada aliuliza kuhusu ndege.

BintiKisauni
Ahsante Mhasibu. Nahodha, kwenu si ndiko kuna Mikoko Pamoja, ule mradi wa wanakijiji wa kulinda mikoko? Wale wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa moshi ambao mikoko inaunyonya na kuuhifadhi. Nikilipa kule naotesha mti wangu?

Nahodha_Gazi
Hapana, na nashukuru umeuliza. Mradi unalinda hekta 117, na kinachouzwa ni kama tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Sehemu kubwa ni msitu uliosimama tayari. Pesa inalipia ulinzi, miche ya kuzibia mapengo, na mivinje ya kuni ili watu wasiingie mikokoni. Inayobaki imeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, Gazi na Makongeni. Mti wenye jina lako hutaukuta. Utakuta mlinzi anayelala macho. Kwangu hilo lina maana kuliko mche wa picha.

Mhasibu_Moro
Lakini moshi wake bado uko angani, Nahodha. Mlinzi anazuia moshi mwingine usiongezeke, hafuti ule wa dada. Tofauti hiyo ndiyo wauzaji wa tiketi hawaisemi.

MwalimuMstaafu
Wangari Maathai aliwalipa kina mama kwa mche uliopona, si uliopandwa. Kidogo sana, lakini kwa uliopona. Mwulize huyo muuza tiketi, binti yangu: analipa lini, siku ya kupanda au siku ya kuhesabu?

BintiKisauni
Nimeuliza leo asubuhi, Mwalimu. Nimejibiwa kwa shukrani na picha ya jani. Sijaongeza hizo pauni. Nahodha, Desemba naweza kuja kuona?

Nahodha_Gazi
Karibu sana dada. Njoo siku za bamvua, maji yanapwa mbali. Usije na kandambili, tope litazivua zibaki humo. Na mama mlete, atakaa kwetu barazani.

Mkulima_Kinangop
Sawa, lakini hizo tanuri za chokaa hujanijibu.