Naomba ushauri: ng'ombe wanatupa mimba, nipime nini?

Wakuu naombeni msaada, nimechoka kuzika ndama jamani. Ng'ombe wangu juzi katupa mimba ya miezi mitano, mama yake naye alitupa mwaka jana, na wote wanakula vizuri hawana hata homa. Brusela (ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba) tumepima haipo. Nilivyofika bandani nikakuta mbwa kashaanza kula kondo la nyuma ndo nikawaza neospora, kile kimelea kinachoenezwa na mbwa na kutupisha mimba ng'ombe. Daktari kachukua damu ya huyu ng'ombe aliyetupa juzi tu, ila damu si inaonesha tu kwamba aliwahi kuambukizwa, haithibitishi kama ndo iliyotoa mimba? Kijusi nimekiweka kwenye barafu, nilivaa glavu. Nikipeleke kizima maabara wapime ubongo, pamoja na kondo lililobaki? Na hawa wengine wenye mimba niwapime sasa hivi?